Duara la Unga Mezani kwa Mwalimu

Saa tano na dakika tatu asubuhi, Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima ya mwaka 1978, Mwalimu Azélie Soileau aliingia jikoni kwake kuchukua sahani ya maandazi akakuta daftari halipo. Macho yake yalikuwa na ukungu, kwa hiyo aliipapasa rafu nzima, kuanzia mkebe wa kahawa hadi chupa ya mafuta, mara mbili. Kisha akatoka barazani na kuita jina kamili, kama alivyokuwa akiita darasani.

“Ozémé Veillon! Njoo hapa.”

Uani wanaume ishirini na watatu waliovaa barakoa za wavu wa dirisha na kofia ndefu zenye ncha walikuwa wakimfukuza kanga waliyepewa, aliyejificha chini ya ghala la mahindi. Walikuwa na robo saa wakimtafuta. Ozémé alimpa mtu hatamu za farasi wake, akapanda ngazi. Yeye hakuvaa barakoa. Kapteni wa msafara, unaopita nyumba kwa nyumba ukiimba na kuomba vyakula vya gumbo, mchuzi mzito wa jioni, huwa uso wazi siku hiyo, maana ndiye anayeingia kwanza na bendera nyeupe kuomba ruhusa, na ndiye anayejibu kwa niaba ya wote waliojificha.

“Uliniambia nini pale langoni?” Mwalimu aliuliza.

“Kwamba hawataharibu kitu wala kuchukua kisichotolewa.”

“Basi wamechukua. Daftari.”

Hakuna aliyehitaji kuuliza daftari gani. Kati ya mwaka 1929 na 1936, katika shule ya Pointe Sureau, mtoto aliyesikika akisema Kifaransa cha nyumbani kwao alipigishwa magoti juu ya punje za mahindi au kuchapwa rula. Mwalimu Azélie, mwenyewe mzaliwa wa hapo hapo na Kifaransa chake kile kile, aliandika kila kosa: tarehe, jina la mtoto, adhabu, na jina la mwenzake aliyekwenda kumsema. Aliyemsema mwenzake alipewa chungwa. Jumapili iliyopita, baada ya misa, Mwalimu alisimama mlangoni mwa kanisa na kutangaza kwamba Jumanne jioni, ukumbini, kabla watu hawajapakuliwa gumbo, daftari litasomwa lote naye ataomba radhi. Alikuwa na miaka sabini na minne. Alisema hataki kuingia Kwaresima nyingine na mzigo ule.

Jambo la kwanza alilohisi Ozémé aliposikia daftari limepotea lilikuwa nafuu. La pili lilikuwa aibu kwa nafuu hiyo. Jina lake lilikuwamo, mara moja tu, na si katika safu ya walioadhibiwa. Safu ya walioadhibiwa ilikuwa na jina la kaka yake, Théodule, aliyeacha shule wiki ile ile akiwa na miaka kumi na ambaye hadi kufa alitia dole gumba penye sahihi, kwa kutojua kuandika. Mjane wa Théodule, Clélie, ndiye aliyekuwa akipika gumbo ukumbini. Jioni angesikia kila neno.

Lakini Ozémé alikuwa ametoa ahadi, na alikuwa mkaguzi wa mizani katika kinu cha mpunga kwa miaka thelathini. Hakuwahi kuandika uzito asioupima.

“Naomba nione jikoni,” alisema.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Rafu ilikuwa juu ya meza, na meza ilikuwa imetandazwa unga, maana Mwalimu alikuwa akisukuma maandazi tangu asubuhi. Kwenye kona ya unga ule palikuwa na duara kamili, upana wa shubiri moja na vidole viwili, na kulizunguka, mistari myembamba iliyotawanyika kama miale.

“Uliweka bakuli hapa?”

“Bakuli zangu zote zimo kwenye karo. Hapo sikuweka kitu.”

Ozémé alilipima duara kwa uzi, akaufunga fundo. Mistari ile aliitambua: matamvua ya kitambaa, yale ambayo wake na mama hushona kuzunguka ukingo wa kofia za sherehe. Mtu alisimama hapa, akavua kofia yake, akaiweka mezani, akanyoosha mkono juu.

“Mwalimu, nyimbo umezisikia?”

“Muziki nimeusikia mwanzo mpaka mwisho. Kodiani, fidla, pembetatu ya chuma. Haukukatika.” Alisita. “Ila sikuimbiwa. Miaka yote Adraste wa kodiani huniimbia jina langu. Leo kodiani tu. Nikasema moyoni, sawa, bado wananichukia.”

Ozémé alitia uzi mfukoni. Alishuka uani kwenda kumshika Wilbert Frugé, ambaye kifua cha vazi lake kilikuwa cheupe kwa unga.

Wilbert alikuwa na miaka thelathini na sifa mbaya ya miaka hiyo hiyo. “Kapteni, naapa kwa kaburi la bibi yangu, nimeiba maandazi tu! Matatu.” Akatazamwa. “Basi, matano. Lakini daftari la nini mimi? Hata menyu nasomewa.”

“Uliingia saa ngapi?”

“Kanga alipoingia chini ya ghala. Nikatoka mbio, nilisikia mtu anakuja kwa mlango wa nyuma. Nikadhani ni wewe na mjeledi wako.”

“Vua kofia.”

Wilbert alikuwa amevaa fuvu la ng'ombe lenye pembe mbili, limefungwa kidevuni kwa kamba ya viatu. Halikuweza kusimama mezani hata kwa kuegemezwa.

“Hivi unajua kulivua ni kazi ya nusu saa?” Wilbert alilalamika. “Nimekula maandazi kwa kuyasukumia chini ya pua ya ng'ombe.”

“Nyamaza. Rudi kwenye mkokoteni.”

Walitoka langoni saa tano na dakika kumi na tano. Mvua nyepesi ilianza wakiwa barabarani, ikanyesha dakika kumi, ikakatika. Ozémé aliendesha farasi wake sambamba na mkokoteni wa wanamuziki, akifikiri.

Kijana huingia nyumbani kwa mtu na kofia yake kichwani, siku hiyo hasa, na hakuna anayemkaripia. Nani angeivua, peke yake, akiwa mwizi, mwenye haraka, ndani ya nyumba isiyo na mtu wa kumtazama? Ni yule tu aliyewahi kupigwa rula kwa kuingia mbele ya Mwalimu Azélie bila kuvua kofia. Msafara mzima ulikuwa na wanafunzi wake watatu, mbali na Kapteni mwenyewe: Ulger Fontenot aliyeendesha mkokoteni, Lézime Guillory wa fidla, na Adraste Landreneau wa kodiani, mwimbaji kiongozi, ambaye kila Jumamosi asubuhi alizungumza Kifaransa redioni na kuwaambia watu wasikionee haya.

Alianza na Ulger, kwa sababu Jumapili, kanisani, Ulger alisema mbele za watu kwamba kitabu kile kingefaa kuwashia jiko. Dole gumba lake la kulia lilivunjwa na rula mwaka 1933, likaunga vibaya.

“Mimi?” Ulger alicheka. “Nishuke mwenyewe? Kapteni, kwa miguu hii iliyokufa, hata kukojoa nashushwa kama gunia na watu wawili. Waulize wananilaani vipi.”

“Ulisema lichomwe.”

“Nilisema kwa hasira. Usiku nikawaza, nikaona heri lisomwe. Miaka arobaini na mitano sijui nani alinisema. Nakunywa kahawa na watu, nawatazama, nasema moyoni, ni wewe? Au ni wewe?” Akachapa nyumbu. “Lipate hilo daftari, bwana. Mimi nalitaka kuliko wewe.”

Ozémé alitazama mbele.

Saa tano na nusu walifika kwa akina Vidrine. Adraste alisimama juu ya mkokoteni, akafungua kodiani, akaimba mpaka kunguru wakaruka kutoka kwenye nyaya. Alimtaja mwenye nyumba, mkewe, na watoto wao sita kwa majina. Sauti haikuwa na mkwaruzo.

“Ulikuwa umekauka koo kwa Mwalimu?” Ozémé alimuuliza walipokuwa wakinywa maji.

“Kidogo. Vumbi.”

“Na sasa?”

“Maji haya ni mazuri,” Adraste alisema, akaishusha barakoa usoni.

Jua lilitoka. Saa saba walisimama kula soseji na wali kando ya barabara, kofia zikaanikwa kwenye ua wa seng'enge zikauke. Ozémé alipita akizigusa moja moja, kama anayehesabu. Matamvua ya nyingine zote yalikuwa laini na yenye unyevu. Ya moja yalikuwa yamekakamaa upande mmoja, yameshikamana kama nguo iliyotiwa wanga. Unga ukilowa huwa gundi. Gundi ikikauka haidanganyi. Alitoa uzi wake, akaupitisha kwenye ukingo. Fundo liliangukia mahali pake.

Ilikuwa kofia ya kitambaa cha njano na zambarau. Palikuwa na mavazi mawili ya kitambaa hicho, yote yameshonwa na mke wa Adraste: moja la Adraste, moja la mkwe wake Dalton, aliyetoka mjini na kupiga kodiani tangu amwoe binti yao. Kwa kimo na mabega walifanana; wakiwa na barakoa, hata mama mzazi angebahatisha.

Ozémé alimkuta Dalton akifuta mdomo. “Dalton, niimbie ubeti wa kwanza.”

“Upi?”

“Wa wimbo tunaouimba tangu alfajiri.”

Dalton alicheka kwa haya. “Kapteni, usinitie aibu mbele za watu. Najua kuupiga. Maneno siyajui. Nyumbani kwetu hakuna aliyenifundisha, na kwa baba mkwe napo wanaongea Kiingereza tu.”

“Kwa Mwalimu ni wewe uliyepiga.”

“Ndiyo. Baba alinipa kodiani, akasema anakwenda chooni.” Alitazama uso wa Kapteni. “Kwani kuna nini?”

“Hakuna. Kula.”

Saa tisa na nusu msafara ulifika ukumbini. Nyuma ya jengo, sufuria tatu za chuma zilikuwa juu ya moto wa kuni. Clélie alikuwa ndani akipima mchele. Adraste alikuwa amesimama peke yake karibu na moto, bila barakoa, mkono mmoja ndani ya vazi lake kifuani.

“Usilitie motoni,” Ozémé alisema.

“Nitie nini?”

“Adraste, tusizungushane. Uliivua kofia yako mezani, ukingo wake una unga uliokauka, na kipimo ni kile kile. Wimbo haukuwa na sauti kwa sababu aliyeshika kodiani hajui maneno. Mkwe wako amekwishaniambia.”

“Sikujua kama niliivua,” Adraste alisema. “Nina miaka hamsini na sita, na mkono wangu bado unamwogopa yule mwanamke.” Alilitoa daftari, jembamba, la jalada jeusi. “Jina langu limo mara arobaini na moja. Nimehesabu leo kwenye mkokoteni. Michungwa yetu ilikufa kwa baridi, Ozémé, na sisi tulikuwa tisa. Nilikuwa naenda na machungwa nyumbani mama anayakata vipande. Akauliza, umepata wapi? Nikasema, kwa kusoma vizuri.”

“Na Ulger?”

“Na Ulger. Na Lézime, mara tatu. Sasa kila Jumamosi nawaambia redioni, semeni lugha ya mama zenu. Wananiletea mayai, wananiandikia barua. Binti yangu mwenyewe sikumfundisha hata neno, niliogopa atakuja kukutana na mtoto kama mimi.” Alilisogeza daftari juu ya moto. “Na wewe umo. Mara moja, lakini mara yako ni ya ndugu yako wa tumbo moja. Acha liungue, useme hukumpata mwizi. Sitasema, hutasema. Bibi ataomba radhi kwa jumla, watu watalia, tutakula.”

Baadaye Ozémé alikadiria kwamba alinyamaza kwa muda wa Salamu Maria moja nzima, na kati ya mambo yote ya siku ile, ukimya huo ndio uliomwaibisha zaidi, kwa sababu katika muda ule hakuwa akifikiri jinsi ya kukataa. Alikuwa akilitazama jalada linavyoanza kujikunja kwa joto.

Kisha akanyoosha mkono, akalichukua. Adraste hakulivuta.

“Utanitaja?”

“Arobaini na moja zako zitasomwa kama za wengine. Wizi utautaja mwenyewe. Nilimwahidi Mwalimu uso kwa uso. Atauliza.”

Aliuliza. Saa kumi na moja jioni, ukumbi umejaa, barakoa zimewekwa chini ya mabenchi, Mwalimu Azélie alilipapasa daftari lililorudi na kunusa moshi wake. “Nani?”

Adraste alisimama. “Mimi, Mwalimu.”

“Adraste?” mtu alinong'ona nyuma. “Adraste wa redio?”

“Mimi. Mtasikia sababu. Imo humo.”

Ulger, kwenye kiti chake kando ya mlango, alimtazama kwa muda mrefu, akalitazama dole gumba lake, akageuza uso ukutani. Mwalimu alinyoosha daftari hewani mbele yake. “Mimi sioni tena mwandiko wangu. Asome mtu mwingine.”

Ozémé alilichukua. Hakuanza ukurasa wa kwanza. Alifungua alipopajua bila kuwa amepaona kamwe, Januari 1931, akasoma kwa sauti ile ile aliyosomea uzito wa magunia: “Tarehe kumi na nne. Théodule Veillon. Amesema Kifaransa kisimani. Magoti juu ya mahindi, saa moja. Ameletwa na Ozémé Veillon, mdogo wake. Chungwa moja.”

Clélie alikuwa mlangoni mwa jiko, upawa mkononi. Watu wote walimgeukia.

“Alijua,” alisema. “Unafikiri hakujua? Aliniambia kabla hatujaoana. Alisema ulimpa nusu ya chungwa njiani, ukilia, naye akala.”

Ozémé alisimama na daftari wazi. Alijaribu kulikumbuka chungwa. Alikumbuka ganda lake, na kidole gumba chake kikilitoboa, na utamu, na mkono wake ukifukia mbegu kwenye mtaro ili zisionekane. Nusu hakuikumbuka. Ama Clélie alikuwa ameitunga sasa hivi, mbele za watu, kwa kumhurumia. Ama Théodule aliitunga zamani, ili mkewe amstahi shemeji yake. Hakukuwa na njia ya kupima.

“Sikumbuki kumpa,” alisema.

“Najua,” Clélie alisema. “Endelea kusoma.”

Akateremsha kidole kwenye mstari uliofuata, akasoma.