Kostiki Kwenye Chupa ya Juisi

Kila nilipotoka shule nilivua sare, nikafunga kitambaa kichwani na kumsaidia mama kukata sabuni. Uani kwetu karibu kila mama alikuwa mpika sabuni, na wote walipima kostiki kwa chupa ya juisi: chupa moja kwa ndoo ya mafuta, basi. Ungewaletea kipimo kingine wangekuuliza kama umekuja kuwafundisha kazi.

Kostiki ndiyo kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na huunguza mwili kama moto. Tuliinunua kwa muuzaji wa barabarani tuliyemwita Bwana Mapipa. Yeye aliipata ya maji kutoka kiwandani, kwenye mapipa makubwa, akaimimina kwenye chupa zilezile zenye picha ya embe. Mpaka leo nikiikumbuka picha ile, damu inanichemka.

Siku hiyo mdogo wangu, tuliyempa jina la Kifaranga kwa jinsi alivyomfuata mama kila mahali, aliingia uani kutoka kucheza mpira, kiu imemkaba. Aliona chupa kando ya ndoo ya maji. Akaifungua na kupiga funda.

Aliitema palepale, nyingine ikamwagikia kifuani. Alifungua mdomo alie, sauti haikutoka. Mama alitupa kisu, akamkamata ili amtie kidole kooni atapike. Jirani naye alishafika na kikombe cha mafuta ya kupikia.

"Dada, usimtapishe," alisema muuguzi, mpangaji wa chumba cha mwisho, akija mbio. "Imemuunguza ikishuka, ikipanda itamuunguza tena. Na hayo mafuta yarudisheni jikoni."

Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akamvua Kifaranga shati na kumweka chini ya bomba. Maji yakatiririka kifuani pake muda mrefu. Akamwambia asukutue na kutema, asukutue na kutema, asimeze kitu. Kisha akainua chupa. "Hii ina nini?"

"Dawa ya sabuni," mama alijibu.

"Dawa gani? Ina ukali kiasi gani? Hapa naona embe." Akanigeukia. "Binti, kimbia kwa aliyeuza, ulete karatasi ya maelezo iliyobandikwa kwenye pipa. Daktari ataihitaji. Sisi tunatangulia hospitali."

Nilimkuta Bwana Mapipa kwenye kibanda chake kando ya barabara, amezungukwa na wateja. Nilimwamkia kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, si kwa sababu alistahili.

"Marahaba. Chupa ngapi leo?"

"Mdogo wangu amekunywa kostiki. Daktari anataka karatasi ya kwenye pipa."

Aliwatupia wateja jicho, akashusha sauti. "Sema taratibu, mtoto. Ile niliibandua. Ina picha ya fuvu, inatisha watu. Njoo kesho nitaitafuta."

Hasira zilinipanda. "Mdogo wangu hawezi kumeza hata mate, na wewe unaniambia kesho?" nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Mama mmoja alirudisha chupa aliyokwisha kuichukua. "Mpe mtoto karatasi," alisema. "La sivyo leo huuzi hata tone."

Bwana Mapipa aliinuka polepole. Karatasi ilikuwa juu ya kigoda chake. Alikuwa ameitandika na kuikalia.

Daktari aliisoma karatasi ile, akajua anapambana na nini. Koo la Kifaranga lilikuwa na vidonda, lakini kwa kuwa alitema haraka na hakutapishwa, vilipona. Alirudi nyumbani na sauti iliyokwaruza, akila uji mwepesi uliopoa.

Bwana Mapipa alikuja kutupa pole. "Ni bahati mbaya tu," alisema.

"Bahati mbaya ni kuteleza kwenye matope," muuguzi alimjibu mbele ya watu wote wa uani. "Hili tumelifanya wenyewe. Wewe umebandua onyo ili uuze, nasi tumekubali sumu ikae kwenye chupa ya kinywaji. Kuanzia leo kostiki ibaki kwenye chombo chake chenye maandishi, ifungiwe mbali na watoto. Anayeishika avae glavu na miwani. Akichanganya, aitie kostiki ndani ya maji, asimimine maji juu yake. Ikimrukia mtu mwilini au machoni, ni maji mengi muda mrefu. Akiimeza, asitapishwe. Mkimbizeni hospitali pamoja na chombo."

Mama alikusanya chupa zetu zote za embe, akazisuuza kwa maji mengi, kisha akazitoboa kwa kisu cha sabuni. Majirani wakaleta za kwao.

Jioni Kifaranga aliomba maji. Mama alipompa kikombe, alikinusa, akamtazama usoni. "Mama, haya ni maji kweli?"

Mama alikunywa kwanza yeye, ndipo akampa.