Kinu cha Saa Kumi

"Twanga tena, Ampem. Twanga mpaka nyumba ya watu ituangukie, ndiyo ufurahi."

"Natwanga fufu ya mama yangu, dada. Kama unataka kimya, kapange makaburini."

Ua zima la nyumba ile ya wapangaji, pale Bantama, likacheka. Frema, mpangaji mwenzao ambaye habari haikai mdomoni mwake, aliacha kufua asipitwe na neno. Dufie alisimama barazani, simu mkononi, gauni lake jekundu limegandamana na mgongo kwa jasho. Tangu aache ualimu alikuwa akiwatumia wenye biashara maandishi yake, akiomba awaandikie matangazo kwa malipo, na hakuna aliyejibu. Leo ndiyo amepigiwa simu na mama mmoja wa Accra, Madam Konadu. Hajamaliza hata kujieleza, mchi ukaanza kuponda muhogo na ndizi za fufu, tii, tii, tii, na simu ikakatika.

"Huyo angekuwa mteja wangu wa kwanza," alisema. "Nikimkosa, narudi Obuasi kwa mjomba kufundisha a-e-i-o-u."

"Nenda. Magari yapo."

Hilo lilimchoma kuliko kelele. Ampem huyuhuyu, fundi cherehani, ndiye waliyegongana naye katikati ya msongamano wa soko la Kejetia, akambebea mizigo mpaka mlangoni na kugundua kuwa ni majirani. Ndiye aliyelishona gauni lile jekundu. Kila usiku alimpigia simu, na kati yao ukuta tu.

"Lala, sukari yangu."

"Lala wewe. Nakusikia mara mbili."

Kisha siku moja Frema akaleta yake: Ampem amewaambia wenzake kuwa yule dada wa kompyuta hana kazi, anajishikizashikiza tu. Dufie hakuuliza. Alifunga mlango, akaacha kupokea simu za Ampem. Gauni hakurudisha, kitambaa, alisema, kilikuwa chake.

Kesho yake, baada ya ugomvi wa kinu, Madam Konadu akapiga tena.

"Jana huko kulikuwa na nini?"

Dufie alitaka kusingizia mafundi ujenzi. "Fufu, Madam. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mimi nauza unga wa fufu kwa watu wetu walioko ng'ambo. Kila anayeniomba kazi ananiandikia kuwa unga ni mtamu. Utamu wanaujua. Wanachokosa ni huo mlio. Niandikie wausikie. Ikinigusa, kazi ni yako, lakini naitaka leo."

Dufie akakaa kuandika, maneno yasije. Saa kumi, saa ya kutwanga, ikafika, ua likawa kimya. Akatoka. Kinu kilikuwa kimefunikwa, Ampem ameegemea ukuta.

"Mbona hutwangi?"

"Leo tunakula kenkey ya mahindi, ya kununua. Kuna mtu anataka kimya."

"Naomba utwange."

"Unaomba kelele? Frema, umesikia?"

"Ampem, nitakupiga na huo mchi."

Maame Yeboaa, mama yake Ampem, akainuka na sufuria ya muhogo na ndizi vilivyokwisha kuchemka. Kumbe kenkey ilikuwa ya mdomoni tu. "Mgongo unaniuma," alisema, akimwonyesha Dufie kigoda. "Ageuze yeye."

Dufie akakaa kwenye kigoda, akachovya mkono majini. Mchi ukashuka, ukapanda, na mkono wake ukapita chini yake kugeuza donge la moto.

"Ukinisaga vidole, nitaandikia nini?"

"Ndiyo maana sikuangalii usoni."

Tii.

"Ulisema sina kazi."

"Nani kasema?"

Frema akainamia beseni lake.

"Nilisema ukipata kazi utahamia Accra," Ampem alisema, "nami nibaki na kinu. Jana nilikusikia unaongea na Accra. Nikatwanga makusudi. Toa mkono."

Tii.

"Una roho mbaya."

"Ninayo. Geuza."

Akageuza. Hakuharakisha tena kuondoa mkono, na mchi ukamngoja.

Aliandika palepale, fufu ikimkaukia vidoleni: donge la moto, mchi juu, mkono chini, na yule unayemwamini mpaka kumwachia vidole vyako. Akatuma. Jibu halikuchelewa. Akalisoma kwa sauti, ua lote lisikie: "Umeniliza. Tuanze kesho. Usihame hapo, mwandishi wa Accra simtaki."

Ampem akaweka mchi chini taratibu.

"Usicheke," Dufie alimwambia. "Bado nimekukasirikia."

"Kasirika ukiwa umenawa," alisema Maame Yeboaa, akimimina supu ya mbuzi kwenye bakuli moja kubwa. "Ingia ndani, mwanangu. Tule."