Kaboni ya Betri ya Tochi

Gari lilikohoa mara tatu, likapiga mshindo kwenye ekzosi, likazimika katikati ya jangwa. Mwalimu mstaafu alizungusha ufunguo mpaka akachoka. Mkewe, fundi cherehani, alitazama barabara ya changarawe mbele na nyuma. Hapakuwa na kitu ila joto lililochezacheza juu ya mawe.

"Juzi ulibadilisha kofia ya distributa na rota," alisema. "Tuanzie hapo."

"Vile ni vipya, Mama Watoto. Hili ni tatizo la mafuta."

Wakahangaika na mafuta siku nzima. Asubuhi ya pili walibakiwa na lita mbili za maji. Mwalimu alijifunga shati kichwani, akachukua chupa moja.

"Kambi ya wajenzi wa barabara haizidi kilomita ishirini."

"Usiliache gari, Mwalimu. Huku mtu anapotea hivihivi."

"Nikikaa tutakufa wote wawili."

Mkewe alimsindikiza kwa macho hadi akawa nukta, na nukta ikayeyuka.

Ndipo akafungua boneti. Alilegeza klipu mbili, akainua kofia ya distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, bila kuchomoa waya zake, asije akazichanganya. Ndani palinuka kuungua. Katikati ya kofia, pale panapokaa ncha ya kaboni inayopeleka umeme kwenye rota inayozunguka chini yake, ilibaki springi tupu na vumbi jeusi. Ukingo ulikuwa na mkwaruzo: Mwalimu alipoifunga kofia ilikaa upande, naye akailazimisha. Rota ikaila ile ncha taratibu, kilomita baada ya kilomita.

Kaboni aliijua. Miaka thelathini alifua mashati yenye masizi ya betri ambazo mumewe alizipasua mbele ya wanafunzi. Akaipasua betri ya tochi kwa bisibisi, akajikata kidole gumba, akachomoa kile kijiti cheusi cha katikati. Alikivunja kipande, akakisugua juu ya jiwe, akapima, akasugua tena, mpaka kikakaa juu ya springi. Rota akaikwangua masizi kwa kisu. Safari hii alihakikisha kofia imelala sawasawa kabla ya kubana klipu.

Injini iliwaka kwa shida, ikitetemeka kama mtu mwenye homa. Akaendesha polepole, kichwa nje ya dirisha, akifuata nyayo. Baada ya mwendo wa saa nzima nyayo zikaiacha barabara; akashuka, akazifuata kwa miguu.

Alimkuta kwenye korongo kavu, chupa tupu kando yake, midomo imepasuka. Mwalimu alimwita dada. Dada yake alikufa zamani.

"Ni mimi. Usiongee."

Alimdondoshea maji kwa kitambaa, tone moja moja, kisha akamburuta juu ya shuka hadi garini, akipumzika kila hatua chache.

Walifika kambini jua likielekea kuzama. Mganga wa kambi alimpima Mwalimu, akamwekea dripu, akamwita mke pembeni. "Ataishi, mama. Lakini figo zimeumia sana. Hatakuwa yule wa zamani."

Mwalimu alipopata fahamu alimtafuta mkewe kwa macho.

"Gari lilikuwa na nini?"

"Ncha ya kaboni ililika, ikaisha."

"Niliiharibu mimi?"

Mkewe alikitazama kidole chake kilichofungwa bandeji. "Kofia ilitoka dukani mbovu."

Mwalimu, aliyezoea kubishana naye hata juu ya chumvi, aliitikia kwa kichwa na kufumba macho. Kukubali kwake upesi hivyo kulimtisha mkewe kuliko habari ya figo.