Maneno Niliyomjibu Mtani Wangu Msibani

Jumapili, Aprili 1976. Mvua ya masika inanyesha tangu alfajiri, na paa letu linavuja karibu na kitanda.

Wasomaji wenzangu wa gazeti hili, nina miaka ishirini na tisa. Nimesoma hadi darasa la nne, na nina watoto wawili ninaowalea pamoja na mama yangu hapa kijijini Janga. Sijui kama naandika ipasavyo... Nitajaribu kusema kweli, hata pale inaponiumbua mwenyewe.

Kwa miaka sita nilifanya kazi katika shamba moja la kuku huko Kibaha. Nilikuwa nageuza mayai ndani ya mashine za kutotolea vifaranga, asubuhi, mchana na jioni. Msimamizi wetu, Bwana Kasanda, ni Mnyamwezi. Mimi Mzaramo. Basi, watani hao! Kila asubuhi aliniuliza, "We mla nazi, hujafa tu?" Nami namjibu, "Nikifa nani atakuzika, mpagazi wewe?" Shamba zima linacheka. Nilimpenda kama kaka yangu.

Bibi yangu alipofariki huko Kurui, nilimwomba Kasanda ruhusa. Akanipa siku tatu, kwa mdomo. Sikudai karatasi. Ningemdaije mtani wangu karatasi?

Siku ya mazishi alikuja mwenyewe, pamoja na Mwanahawa, mwenzangu wa kwenye mashine. Akafanya kama watani wafanyavyo: akajilaza mbele ya jeneza, akasema halipiti mpaka apewe kuku. Mama akamkamatia tetea wake. Kasanda akainuka, akaninyooshea kidole. "Na wewe Mzaramo, kazi huna! Nimekufukuza!"

Watu wakacheka, hata waliokuwa wakilia. Nami nikamjibu kwa sauti, "Ichukue kazi yako! Mayai kageuze mwenyewe, mimi sirudi!"

Laiti ningejua...

Siku ya nne nilirudi kazini. Mlinzi akanizuia getini, akanipa barua. Ilisema nimeacha kazi kwa hiari yangu, mbele ya mashahidi. Sahihi ya Kasanda! Niliisoma mara tatu, nikitafuta mahali pa kucheka.

Nikaenda kwa kamati ya wafanyakazi. Wakaniambia sheria inamtaka mwajiri aeleze kosa la mtu mbele yao kabla ya kumwondoa. Lakini aliyeacha kazi mwenyewe ana kosa gani la kuelezwa? Mnauona mtego? Wakamwita Mwanahawa, wakamuuliza kama alinisikia. "Alisema," akajibu, akitazama viatu vyake.

Ni kweli, nilisema. Hakudanganya. Lakini kwa nini hakuongeza kwamba tulikuwa tunataniana? Mimi na yeye tulikula sahani moja miaka yote ile!

Wiki iliyofuata mashine zangu alipewa shemeji yake Kasanda. Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu. Pengine nilikuwa na kosa nisilolijua... Kuna trei moja ya mayai iliwahi kuniponyoka. Kama ni hilo, si angesema?

Nikamfuata Kasanda, nikamwomba kitu kimoja tu: anitajie kosa langu. Akatabasamu. "Mzaramo, unanuna nini? Utani tu!" Nikamwambia basi anirudishe kazini. Akacheka zaidi.

Nilitaka kwenda kwa afisa kazi Kisarawe. Wazee wa Kurui wakanikataza, wakasema kumshitaki mtani ni kuutia ukoo aibu. Nikatii. Nilipopata ujasiri wa kwenda, miezi ilikuwa imepita. Afisa aliisoma barua, akatikisa kichwa. Akasema ningewahi, mwajiri ndiye angetakiwa kuthibitisha kwamba niliacha kazi kweli, si mimi. Sasa muda umekwisha.

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Ruhusa ombeni kwa maandishi, hata kama msimamizi ni mtani, hata kama ni ndugu. Na ukiambiwa kazi imekwisha, usione haya kama mimi. Uliza siku hiyo hiyo: kosa langu nini?

Leo mchana Kasanda amekuja hapa katika mvua hii hii, tetea mkononi. Amesema analipa yule wa msibani. Mama amempokea kwa kicheko, kama desturi inavyotaka. Mimi nikamuuliza tena kosa langu. Akatazama mvua, akasema inazidi, bora awahi.

Jioni mama amempika yule tetea kwa nazi. Watoto wamekula mpaka wakalamba vidole, na sikuwakataza. Mimi nimekula ugali kwa kisamvu cha jana.