Michezo ya Kubeba Naivasha

"Hiyo acha," Nicholas alisema bila hata kuigusa. "Ni kubwa."

Bilhah akairudisha ludo kitandani. Kibao chenyewe kilikunjwa mara mbili na kilikuwa kimeingia kwenye begi bila shida. Kesho yake asubuhi wangeondoka Kapkatet kwenda Naivasha siku nne, wao wawili na mabinti zao, Cheptoo wa miaka tisa na Nyakerario wa miaka mitano. Ilikuwa likizo yao ya kwanza tangu waoane. Mvua ya Aprili ilikuwa imeanza, na Bilhah hakutaka watoto wakae kwenye nyumba ya kukodi wakikodolea macho simu. Ndiyo maana alikuwa ametandaza kitandani kila mchezo waliokuwa nao, achague ile midogo.

"Domino je?"

"Hapana."

"Karata? Karata hazina uzito hata kidogo."

"Mama Cheptoo, nimesema beba ile drafti ndogo. Inatosha."

Drafti yenyewe ilikuwa ya sumaku, haizidi kiganja cha mkono, na ilichezwa na watu wawili tu. Bilhah akamkumbusha kwamba wao ni wanne. Nicholas alichukua koti, akasema anaenda kuongeza upepo kwenye matairi, akatoka huku bega lake la kushoto likigonga mwimo wa mlango.

Bilhah alikaa kitandani katikati ya michezo ile, moyo mzito. Mwanamume huyu alimpata kwa karata. Enzi hizo Bilhah alikuwa msichana wa Kisii aliyekuja na wazazi wake kuchuma chai, naye Nicholas kijana wa Kipsigis, dereva wa lori la kubeba majani. Majani yakisubiri kupimwa, Nicholas alikuwa akitandaza karata juu ya gunia na kumwachia Bilhah ashinde kila siku, mpaka wachumaji wenzake wakaanza kunong'ona. Ndugu wa pande zote mbili waliwaonya, na wao wakaoana.

Lakini tangu Krismasi, Nicholas hakuwa amegusa karata. Mwezi wa kwanza alikubali kucheza domino na watoto. Mstari ulipokuwa mrefu, akaweka kete mahali palipokwisha kuwekwa nyingine, na Cheptoo akacheka. Nicholas aliinuka bila neno, akaenda kulala saa moja jioni. Bilhah alianza kuogopa siku ile, ingawa hakujua anaogopa nini.

Simu ya Nicholas ikatetemeka juu ya mto. Hakuwa na tabia ya kusoma simu ya mumewe, ila ujumbe ulikuwa umejianika wazi:

*Leo tena hukuja. Mwambie mkeo ukweli kabla hamjasafiri. Hii kitu haifichiki. Dolphine.*

Bilhah aliusoma tena na tena, kisha akaenda nyuma ya nyumba, karibu na zizi la ng'ombe, akampigia kaka yake Antony aliyekuwa na duka la vipuri Bomet. Alimweleza yote kwa sauti ya chini. Antony alimshauri asimuulize chochote mbele ya watoto, angoje wafike Naivasha, na akiona mambo ni mabaya apige simu, atakuja kuwachukua hata kama ni mbali.

Basi Bilhah akanyamaza. Alipika, akaogesha watoto, akapakia drafti ndogo, na kwa siri akasukuma pakiti ya karata chini ya sweta za watoto. Alijiambia kwamba kama ndoa inaenda kuvunjikia huko Naivasha ziwani, angalau watoto watakuwa na kitu cha kushika.

Asubuhi walitoka kukiwa na ukungu. Nicholas aliendesha gari lao dogo polepole mno kwa dereva aliyezoea lori, mikono yote miwili imekaza usukani. Walipita Kaplong, wakapita Bomet, watoto wakiimba kule nyuma. Bilhah alikuwa amekaa kushoto kwake, akimtazama kwa pembeni. Mara mbili alimwelekezea chupa ya maji, na mara mbili Nicholas hakuipokea mpaka alipomgusa mkono. Bilhah akafikiri, sasa hata maji yangu hayataki.

Karibu na Mulot ilikuwa siku ya soko la mifugo. Kando ya barabara, upande wa kushoto, mama mmoja mwenye sweta jekundu alikuwa akivuta ndama kwa kamba. Bilhah alimwona kutoka mbali. Alimwona akisimama, akitazama huku na huku, kisha akianza kuvuka. Alisubiri Nicholas apunguze mwendo. Nicholas hakupunguza.

"Nick, mama yule."

Hakugeuza hata shingo.

"Nick, simama!"

Akakanyaga breki. Gari likaserereka kwenye lami yenye maji, Nyakerario akalia, na lilipotulia, yule mama alikuwa mbele yake kabisa, kiganja chake kimewekwa juu ya boneti kana kwamba yeye ndiye aliyelizuia. Ndama alikuwa amejibanza nyuma yake. Mama hakutukana. Aliwatazama tu, akavuka na ndama wake.

Nicholas alikuwa anatweta.

"Ametoka wapi?" aliuliza.

Swali hilo lilimtisha Bilhah kuliko breki. Mama wa sweta jekundu alikuwa pale kitambo kirefu, hata mtoto angemwona. Mara vitu vikaanza kujipanga vyenyewe kichwani: kioo cha lori kilichovunjika wiki mbili zilizopita, ambacho Nicholas alilaumu nguzo, mwimo wa mlango, chupa ya maji, kete ya domino iliyowekwa mahali pa nyingine. Na ile drafti, mchezo pekee ambao wote unatosha mbele ya uso wa mtu.

Alimwomba aegeshe gari. Nicholas akaliegesha kando, mbele ya duka lililofungwa, akazima injini. Bilhah akainua mkono wake wa kulia taratibu mpaka kando ya jicho la kushoto la mumewe.

"Unaona mkono wangu?"

"Mkono gani?"

Bilhah aliushusha. Aliwaambia watoto wafunge macho wahesabu mpaka mia, Cheptoo amfundishe mdogo wake, kisha wakashuka wawili.

"Dolphine ni nani?"

Nicholas alishtuka, akainamisha kichwa. "Ni sista wa macho hospitalini. Niko na presha ya macho. Pembeni kumekufa, hasa huku kushoto. Ni kama naangalia kwa bomba."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja. Walinipa dawa ya matone. Nikaacha kwenda, kwa sababu kila nikienda wananiambia niache kuendesha. Alinipigia juzi, nikamwambia tunasafiri."

"Na ukatuweka kwa gari. Watoto wako."

"Barabara iko mbele, Bilhah. Mbele naona."

Hofu ya jana, ya mwanamke mwingine, sasa ilionekana ndogo kama mchezo wenyewe. Bilhah akamwambia kwa sauti tulivu kwamba alikuwa anaenda kuwaua wote wanne, na yule mama na ndama wake.

Nicholas alilia bila sauti. "Baba yangu alipopofuka, mama alikaa miezi sita tu, akaenda. Nilikuwa na miaka kumi. Niliogopa na wewe utaenda."

Bilhah alichukua ufunguo wa gari mkononi mwake na kumpigia Antony. Walingoja karibu saa moja. Antony alipofika kwa matatu alishika usukani, akageuza gari lao, akawarudisha Kapkatet, na hakuna aliyeimba.

Siku mbili Bilhah aliongea na mumewe mambo ya chakula tu. Siku ya tatu aliwavalisha watoto nguo za kanisani na wote wakaenda hospitali.

Dolphine alikuwa mama mnene mwenye miwani, mwenye umri wa kuweza kumzaa Bilhah. Aliposikia habari za baba yake Nicholas, akageuka kuwatazama watoto.

"Hawa nao lazima wapimwe. Ugonjwa huu hufuata damu."

Hapo Bilhah akajua kwamba alikuwa bado hajaogopa. Watoto waliingizwa ndani na mlango ukafungwa. Walikaa kwenye benchi yeye na Nicholas, na kwa mara ya kwanza tangu Mulot aliutafuta mkono wake. Walisikia Nyakerario akitaja herufi, akikosea, akirudia. Kisha kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko barabara yote ya Naivasha.

Daktari alitoka na karatasi mbili. Macho ya watoto ni mazima, alisema, ila waletwe kila mwaka. Uoni wa Nicholas uliopotea hautarudi, lakini uliobaki unaweza kulindwa kwa dawa, kila siku, bila kukosa.

Nicholas aliegemeza paji la uso ukutani.

"Sasa umejua yote," alisema bila kugeuka. "Ukitaka kurudi kwenu, nitaelewa."

"Hasira niko nayo," Bilhah alisema. "Na nitakuwa nayo hata mwaka. Lakini nitakuwa nayo nyumbani kwangu. Kesho tunaenda pamoja kwa meneja, urudishe ufunguo wa lori, umuulize kama kuna kazi ya kupima majani."

"Pamoja?"

"Nani mwingine atatembea huko kushoto kwako?"

Dolphine alileta kichupa cha dawa, akamwonyesha Bilhah jinsi ya kuvuta kope ya chini na kuweka tone moja bila kugusa jicho. Nicholas alikaa kwenye benchi, kichwa nyuma, watoto wakimtazama kutoka pande zote mbili. Mara tu kichupa kilipokaribia, akafumba.

"Fungua."

"Naogopa, Bilhah."

"Hata mimi naogopa. Fungua."

Akafungua.