Tabby Azuia Jembe

Kila Jumamosi, kabla jogoo hawajamaliza kuwika, Tabby alikuwa ameshajifunga leso kiunoni na kushika jembe. Kule Kuresoi, kikundi chao cha kulimiana kilianza kazi alfajiri, na aliyechelewa alitaniwa hadi kanisani.

Siku hiyo walimaliza mapema kwa Mama Quincy, kiongozi wa kikundi, wakashika njia kwenda kwa Kamande, baba yake Tabby. Nguo zao zilikuwa zimelowa umande chepechepe. Tabby alitangulia mbio, akasimama kwenye pengo la ua na kulaza jembe mbele yake.

"Hakuna mtu anaingia!"

"Tabby, umerukwa na akili?" Kamande aliuliza.

"Baba, maharagwe ya Mama Quincy yako na chule, ule ugonjwa wa kuvu tulisoma na Mwalimu Nabalayo. Unabebwa na nguo na majembe yakiwa na maji. Tuoshe majembe, tubadilishe nguo, tungoje umande ukauke."

Mama Quincy alicheka kwa hasira. "Kumbe mimi ndio naleta ugonjwa! Si useme tu unataka kulala?"

Watu waliangua kicheko. Machozi yalimlenga Tabby, lakini hasira iliyashinda. Maharagwe ya baba yake ndiyo yangewalisha mwaka mzima.

"Niiteni mvivu, sijali. Sitoki hapa! Baba, nenda kwa Mama Quincy uangalie chini ya majani ya maharagwe. Usipoona mishipa imekuwa myeusi, nitalima hii shamba yote peke yangu."

Kamande alikwenda huku akinung'unika. Aliporudi, hakumtazama mtu usoni.

"Tungojeni jua," alisema.

Wengine walisusa wakaenda zao. Waliobaki waliosha majembe, wakabadilisha nguo na kulima adhuhuri, jua likiwachoma migongo.

Wakati wa mavuno, maganda ya maharagwe ya Mama Quincy yalikuwa na madoa yaliyobonyea kama vidonda. Ya Kamande yalikuwa safi. Mama Quincy alikuja na beseni, akasimama mlangoni.

"Nisaidieni mbegu. Nichanganye na zangu."

"Usichanganye!" Tabby alisema. "Zako upike, usipande. Chule inakaa ndani ya mbegu."

"Huyu mtoto ana kichwa ngumu!"

"Na kibaki hivyo hivyo," Kamande alijibu akimjazia beseni. "Tuliamka mapema kusambaza ugonjwa, tukaiita bidii. Jembe bila maarifa ni hasara tupu. Msimu ujao, Tabby ndiye atatuambia saa ya kuingia shambani."