Jibu la Mbeyu Kuhusu Gari la Umeme

Kila siku alipotoka shuleni, Mbeyu alibadilisha sare, akala chakula alichoachiwa jikoni, kisha akaketi kwenye mkeka nje ya nyumba yao kijijini Idsowe. Hapo ndipo majirani walipomfuata. Huyu alileta karatasi ya hospitali, yule alileta simu yenye ujumbe asiouelewa. Mbeyu alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Gredi ya Saba, naye aliwasomea wote. Mara nyingine alikutana na neno asilolijua. Hakusema kwamba halijui. Alibuni maana iliyokaribia, akaendelea, kwa sababu alipenda sana kuwasikia wakimwambia mama yake, "Huyu mtoto wako ana kichwa."

Mama yake, Kadii, alikuwa katika kundi la akina mama kumi na wawili waliokuwa na miembe karibu na Mto Tana. Msimu ulipofika, walipeleka maembe yao kwa bodaboda hadi mji wa Garsen, mahali malori ya wanunuzi kutoka Malindi yaliposimama. Njiani magunia yalirushwarushwa na mashimo. Maembe yalipondeka, na wanunuzi wakayakataa. Kwa sababu hiyo, kundi lilikuwa limeweka akiba kwa miaka minne ili linunue gari lake lenyewe.

Mwezi wa tisa, gari likapatikana. Mfanyabiashara wa Garsen aitwaye Farah alikuwa anahamia Bangale kufanya biashara ya mifugo, naye alitaka kuuza pikapu yake ya petroli. Haikuwa mpya, lakini injini yake ilikuwa nzima. Aliwapa akina mama wiki mbili waamue.

Mwenyekiti wa kundi alikuwa Christine, ambaye kila mtu alimwita Mama Ziro. Mwanawe Ziro alifanya kazi Mombasa.

"Ziro ananiambia siku hizi kuna magari ya umeme," Mama Ziro aliwaeleza wenzake mkutanoni. "Hayatumii petroli hata tone. Bei yake bado iko juu, lakini anasema inashuka. Sasa tukinunua hili la Farah leo, halafu mwakani yale ya umeme yawe rahisi, si tutajuta?"

"Na maembe ya mwaka huu je, Mama Ziro?" Kadii aliuliza. "Hayo hayatangoja mwakani."

Walijadiliana mpaka chai ikapoa. Nusu yao walitaka pikapu, nusu walitaka kungoja. Mwishowe Mama Ziro alimgeukia Mbeyu, aliyekuwa akikusanya vikombe.

"Mbeyu, mwanangu, wewe unasoma. Chukua simu yangu hii, nimeweka bando la intaneti. Tutafutie ukweli. Hayo magari yatashuka bei lini? Yanaweza kuchajiwa hapa kwetu? Na yakiharibika, nani atayatengeneza? Muulize na mwalimu wako wa sayansi. Jumamosi ijayo utatuambia."

Mbeyu alipokea simu kwa mikono miwili. Alijiona mkubwa.

Siku ya kwanza alitafuta kidogo, akakutana na maandishi marefu yenye maneno magumu. Akayaacha. Akafungua video za vichekesho, na kesho yake za muziki, yeye na rafiki yake Darmi, wakicheka hadi mbavu zikawauma. Alhamisi bando likaisha. Kuhusu magari ya umeme alikuwa ameona video moja fupi tu, ya gari jeupe likipita bila kelele kwenye barabara laini ya nchi ya mbali. Mwalimu wake wa sayansi, Mwalimu Mwaro, alipishana naye shuleni mara mbili. Mbeyu alijiambia atamuuliza kesho.

Jumamosi ikafika. Akina mama wote walimtazama. Angeweza kusema kwamba hakupata jibu. Lakini macho yale yalikuwa na imani kubwa mno, naye hakutaka yabadilike.

"Nimesoma sana," alisema. "Bei itashuka nusu kabla ya Krismasi. Na pale Garsen kutajengwa kituo cha kuchajia magari. Mafundi pia watakuja."

"Una hakika?" mama yake aliuliza.

"Mwalimu Mwaro mwenyewe amesema."

Kadii ndiye aliyekuwa ameitaka pikapu kuliko wote. "Kama mwalimu amesema, na mwanangu amesoma," alisema, "basi mimi sina neno." Akainua mkono pamoja na waliotaka kungoja.

Walipokuwa wakienda kisimani jioni ile, Darmi alimuuliza, "Mwalimu Mwaro ulimuuliza lini?"

"Wewe hukuwepo."

"Wiki nzima nilikuwa na wewe."

Mbeyu aliongeza mwendo, na ndoo yake tupu ikawa inampiga gotini.

Farah aliambiwa kwamba kundi litangoja. Baada ya siku chache, pikapu yake ilinunuliwa na mtu wa kijiji cha Wenje.

Maembe yalianza kuiva mwezi wa kumi na mbili, na mwaka huo miti ilizaa kupita kawaida. Bodaboda hazikutosha. Zilizopatikana zilibeba magunia matatumatatu, na yalipofika Garsen maji ya maembe yalikuwa yakichuruzika hadi kwenye magurudumu. Mengine hayakuondoka kabisa. Yalirundikana chini ya miti yakaoza, na harufu yake tamu, nzito, ikaingia hadi ndani ya nyumba. Beryl, mwanachama mdogo kuliko wote, alikuwa na miembe mitatu tu. Mbeyu alimwona akichota maembe kwa koleo na kuwamwagia ng'ombe.

Krismasi ikapita. Hakuna bei iliyoshuka, wala kituo kilichojengwa Garsen.

"Labda mambo yamechelewa tu," Kadii aliwaambia wenzake walipoanza kunung'unika. "Mtoto alisoma, jamani. Hawezi kutudanganya."

Mbeyu alikuwa nyuma ya mlango alipoyasikia maneno hayo. Uso ulimwaka. Tangu siku hiyo alikula bila kumtazama mama yake, na jirani alipomletea karatasi asome, aliisoma harakaharaka bila kuinua macho.

Shule zilipofunguliwa Januari, Mama Ziro alipita nyumbani kwao. "Jumatatu nitakwenda shuleni," alisema. "Nataka Mwalimu Mwaro anieleze tungoje mpaka lini. Kama ni miezi michache, tutavumilia."

Ijumaa hiyo, masomo yalipokwisha, Mbeyu alimfuata mwalimu hadi ofisini. Mwalimu Mwaro alikuwa peke yake, akisahihisha madaftari. Mbeyu alimweleza kila kitu, macho yake yakiwa sakafuni. Kisha akasema lililomleta.

"Mwalimu, Mama Ziro akija, tafadhali mwambie kwamba ulisema. Useme tu kwamba mambo yalibadilika."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Hakupandisha sauti. "Nikisema hivyo, wewe utapona. Na wao?"

Mbeyu aligeuka akatazama mlango.

"Wao wataendelea kungoja kitu ambacho wewe na mimi tunajua hakuna aliyekiahidi," mwalimu alisema. "Miti bado ina maembe, Mbeyu. Kila siku unayonyamaza, wao wanapoteza mengine. Nenda ukaseme wewe mwenyewe, kabla Jumatatu haijafika."

Alipofika nyumbani, mama yake alikuwa ameinama juu ya rundo la maembe, akitenga mazima na yaliyooza.

"Mama, mwalimu hakusema."

"Hakusema nini?"

"Habari za gari. Sikumuuliza. Sikusoma pia. Nilitazama video mpaka bando likaisha, halafu nikatunga."

Mkono wa Kadii ulisimama na embe lake. Mbeyu alitamani mama yake amkaripie, au hata ampige. Kadii aliketi taratibu juu ya kreti, kama mtu aliyechoka ghafla.

"Mimi niliitaka ile pikapu," alisema hatimaye. "Nikainua mkono kukataa, kwa sababu yako. Na wenzangu waliponung'unika, nilisimama mbele yao nikakutetea. Nitawatazamaje sasa?"

Mbeyu alilia. Mama yake alimwacha alie. Baadaye alijifuta mikono kwenye leso, akasema, "Kesho asubuhi tunakwenda Garsen. Utauliza yale uliyotumwa kuuliza. Halafu jioni utasimama mbele yao."

Huko Garsen walimwendea Idris, fundi wa magari aliyejulikana kwa kazi safi. Mbeyu alifungua daftari, akamsomea maswali ya Mama Ziro moja baada ya jingine. Idris alimsikiliza huku akifuta grisi vidoleni.

"Magari ya umeme yapo, na ni mazuri," alisema. "Nimeyaona Mombasa. Hayana kelele, na mwenyewe hasumbuki na petroli. Lakini bei yake kwa sasa, hiyo akiba ya mama zako haitoshi."

"Itashuka lini?"

"Sijui."

Mbeyu aliinua macho. Hakutarajia fundi mkubwa kama huyo aseme neno hilo kwa urahisi namna ile.

"Andika hivyohivyo, kwamba sijui," Idris alisema. "Inaweza kuwa mwaka ujao, inaweza kuwa miaka mitano. Kuhusu kuchaji, umeme wetu hapa unapotea mara ngapi kwa wiki, mwajua wenyewe. Na betri ya gari kama hilo ikiharibika, mimi sijafundishwa kuitengeneza. Bado najifunza."

"Kwa hiyo watu wangoje au wanunue?" Kadii aliuliza.

"Inategemea kazi, mama. Mtu ambaye hana haraka anaweza kungoja, hatapoteza kitu. Ninyi mna mzigo unaooza leo. Mngekuwa dada zangu, ningewaambia nunueni gari linalotengenezeka hapa, lifanye kazi, na mwendelee kuweka akiba. Hayo ya umeme yakifika bei yenu, mtauza hili na kuongeza."

Jioni hiyo kundi zima lilikusanyika uani kwa Mama Ziro. Mbeyu alisimama na daftari lake.

"Mwezi wa tisa niliwadanganya," alisema. "Mwalimu Mwaro hakusema lolote. Sikusoma. Niliogopa kusema sijui, nikatunga. Maembe yenu yameoza kwa sababu yangu. Naomba mnisamehe."

Kisha akawasomea aliyoyasema Idris, bila kuongeza wala kupunguza, pamoja na lile neno "sijui". Alipokosea kusoma, alirudia sentensi tangu mwanzo.

Alipomaliza, Beryl ndiye aliyesema kwanza. "Maembe ya mti wangu mzima nimelisha ng'ombe. Nilipanga viatu vya shule vya mtoto vitoke pale." Akamtazama Mbeyu. "Nimekusikia, Mbeyu. Lakini bado nina uchungu, siwezi kusema sina."

"Nami nastahili kulaumiwa," Kadii alisema. "Niliyaamini maneno kwa sababu yalitoka kwa wangu."

"Sote tuliyaamini," Mama Ziro alisema. "Jambo kubwa namna ile tulimtwika mtoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyefunga safari kwenda kuuliza. Hilo ni letu. La uongo ni lake."

Walikubaliana kununua gari. Mama Ziro alimpigia Farah simu papo hapo. Farah alisema yake ilikwisha kwenda Wenje, ila jamaa yake wa Garsen alikuwa na pikapu nyingine. "Si nzuri kama ile yangu," aliwaambia wazi. "Chukueni fundi aiangalie kwanza." Idris aliikagua siku mbili, akabadilisha breki, na baada ya wiki moja gari likaingia Idsowe, bati lake limebonyea ubavuni na taa moja haifanani na mwenzake.

Kuhusu Mbeyu, Kadii aliamua kwamba kila Jumamosi, hadi msimu uishe, atachuma na kupanga maembe ya Beryl bila malipo. Jumamosi ya kwanza Beryl hakuzungumza naye sana. Alimwonyesha tu jinsi ya kulaza embe kwenye kreti ili kikonyo kisitoboe jingine. Jumamosi ya pili alimletea maji ya kunywa.

Jumamosi hiyo ya pili ndipo pikapu ilipokuja kuchukua mzigo wa Beryl. Mama Ziro alishuka, akahesabu kreti, kisha akamwona Mbeyu amesimama kando, akiwa ameinamisha kichwa kama alivyozoea siku hizo.

"Inua uso, mwanangu," alisema. "Unadhani tulikukasirikia kwa sababu hukujua?"

"Ndiyo, Mama Ziro."

"Hapana. Sisi wenyewe hatukujua, ndiyo maana tukakutuma. Ungesema hujui, tungemtuma mwingine, au tungekwenda wenyewe, na maembe ya Beryl yangeuzwa. Kosa lako ni kwamba ulitufanya tuamini kwamba tunajua. Mtu anayejua kwamba hajui atauliza. Yule uliyemdanganya hatamuuliza tena mtu yeyote, ataketi na kungoja. Umenielewa?"

"Nimeelewa," Mbeyu alisema. Aibu ilikuwa bado ipo, lakini safari hii aliweza kumtazama machoni alipokuwa akijibu.

"Basi shika upande wa pili wa kreti hii," Mama Ziro alisema. "Lori la Malindi halitatungoja."